Moteri Inataka Kupumua

Maneno ya fundi wetu wa mashini ya kusaga, aliyoyasema mbele ya wanachama na wageni kwenye mkutano wetu hapa Baraka. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.



Komite iliniambia nisimame kwa sababu kuna maswali. Watu wanauliza: mashini ilisimama wiki saba, juu ya nini? Pesa ya kutengeneza ilikwenda wapi? Na wengine wanauliza kwa chini, nimewasikia: huyu fundi anajua kazi kweli? Maswali yote ni ya haki. Nitajibu yote matatu, na lile la mwisho nitalijibu kwa ukweli hata kama linaniuma.

Munanijua. Niliingia Nyarugusu mwaka 1997 nikiwa kijana. Ufundi nilijifunzia kule, kwa magari yaliyokuwa yanaharibika kwenye barabara ya Kasulu. Mwaka 2006 nikarudi kwa meli kutoka Kigoma na sanduku moja la spana. Mwenzangu tunayefanya naye kazi hapa hakukimbia nje, alibaki huku na akajifunza kwa mafundi wa Uvira. Sisi wawili tunaelewana vizuri, lakini majina ya vyuma hatuna mamoja. Ile sehemu inayofunika vali juu ya moteri, mimi naiita tapeti kava, yeye anaiita kashe-kilbiteri. Ile njia ambayo moteri inapumulia, mimi naiita brida, yeye anaiita reniflari. Leo nitasema kifuniko cha vali na kipumulio, ili tusikie wote. Musifikiri haya ya majina ni mchezo. Shida yetu ilianzia hapo hapo.

Moteri yetu ni ya Toyota, 2L, ya mazuti, silinda 4, lita 2.4. Ilitolewa kwenye gari la zamani, tukaifunga kwenye saruji, na mkanda wake unazungusha kinu. Mwezi wa saba kifuniko cha vali kilipasuka. Hilo kosa ni langu pia: nilikaza bolti sana ili nizuie mafuta yasivuje. Bolti za kifuniko hazikazwi kwa nguvu za mkono wote. Zinakazwa kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka mpira wake ukae vizuri, basi. Nikikaza zaidi ninapasua.

Tukatuma mtu anayekwenda Bujumbura atuletee kingine. Kilichoandikwa kwenye karatasi kilikuwa neno moja: kifuniko. Mimi kichwani mwangu nilijua kifuniko kinakuja na kipumulio chake na kibati chake cha ndani. Mwenye duka hakuwa ndani ya kichwa changu. Alimpa mtu wetu kifuniko, kama alivyoambiwa. Hakikuwa cha kiwanda cha gari, kilikuwa cha kuiga, cha aluminiamu, kinang'aa kama sufuria mpya. Kiligharimu dola 35. Wote tulikifurahia. Nilikipangusa, nikakifunga, nikawasha, mashini ikasaga.

Hakuna aliyekigeuza kuangalia tumbo lake. Hata mimi.

Sasa muniruhusu nieleze moteri inapumua namna gani, maana bila hilo hamutaelewa pesa ilikwenda wapi.

Ndani ya silinda mazuti yanawaka, na moshi wake una nguvu kubwa, unasukuma pistoni chini. Pistoni ina ringi, wengine tunasema segma, za kuzuia moshi usipite pembeni. Lakini hata moteri mpya, hakuna ringi inayozuia moshi wote. Kidogo kinapita kila mara, kinashuka chini kwenye karteri ambako oili inakaa. Moteri ikizunguka mara elfu moja na mia tano kwa dakika, hako kadogo kanakuwa kengi. Inapaswa kapate njia ya kutoka. Njia hiyo ndiyo kipumulio, na kwa moteri nyingi kinakaa juu, kwenye kifuniko cha vali.

Wamama, ninyi munajua kuliko mimi. Sufuria ya maharagi iko motoni, kifuniko umekifunga kabisa na jiwe juu yake. Itakuwaje? Mvuke utatafuta njia. Utainua kifuniko au utamwaga mchuzi pembeni. Moteri ni vile vile. Ukiziba kipumulio, ule moshi unasukuma oili itoke penye udhaifu: kwenye sili za krankshafti mbele na nyuma, kwenye mpira wa kifuniko, hata kwenye kijiti cha kupimia oili.

Kile kifuniko kipya kilikuwa na alama ya duara pahali pa kipumulio, lakini hapakutobolewa. Tulikuwa tumefunga sufuria na jiwe juu.

Siku ya nane oili ilianza kutoka mbele. Nikasema sili imechoka. Nikanunua sili mbili, ya mbele na ya nyuma, dola 24. Kwa ile ya nyuma ilibidi tutoe moteri yote kwenye saruji, siku nne za kazi. Tukarudisha, tukawasha. Siku tatu, oili ikatoka tena pande zote mbili, na kijiti cha kupimia kikaruka juu chenyewe kama panzi. Nikanunua sili nyingine mbili, dola 24 tena. Zikavuja. Hapo mimi na mwenzangu tukaketi tukasema: ringi zimekwisha, moteri imekufa. Komite ikaanza kuandika barua kwa wafadhili kuomba dola 1,400 za moteri nyingine. Barua hiyo iliandikwa, wageni wetu, sitawaficha. Ilibaki tu kutiwa sahihi.

Mwenzangu ndiye aliyeokoa hiyo pesa. Aliuliza neno moja: «Reniflari iko wapi?» Nikamwonyesha kidole juu ya moteri, kidole kikabaki hewani. Haikuwepo.

Hapa ningependa hadithi iishe, lakini sasa ndipo linakuja kosa kubwa. Nilikuwa na haraka na haya. Nikatoboa ile alama ya duara, nikatia kibomba, nikavuta hosi kutoka kwenye kibomba mpaka kwenye bomba la kuvutia hewa, kama ilivyo kwenye gari. Kwenye gari iko vile, kweli. Lakini kwenye gari chini ya lile tundu kuna kibati. Mafundi wengi wanakiona, hawakipi jina. Mimi nakiita kibati kinga. Juu ya moteri vali na kamshafti vinarusha oili kama mvua, tena mvua ya kutoka chini kwenda juu. Kibati kinga kinasimama kati ya mvua hiyo na tundu. Moshi unakipita kwa pembeni, oili inakigonga, inadondoka, inarudi chini. Bila kibati, tundu linakunywa oili.

Na oili ikiingia kwenye bomba la hewa la moteri ya mazuti, oili ni chakula. Moteri inaila na inawaka kama mazuti.

Wale waliokuwa kwenye mstari asubuhi ile wanakumbuka mlio. Mashini ilikuwa inasaga muhogo, mara sauti ikapanda, ikapanda, moshi mweupe ukajaa nyumba. Nikazima ufunguo: moteri inapanda tu. Nikafunga bomba la mazuti: inapanda tu. Haikuwa inakula mazuti tena, ilikuwa inakula oili yake yenyewe kupitia hosi niliyoifunga kwa mkono wangu. Mkanda ukakatika, ukapiga ukuta wa mabati ukaacha alama, munaiona mpaka leo. Pale kwenye alama ndipo kijana wetu anayejifunza kazi husimama. Dakika chache mbele nilikuwa nimemtuma kuleta gunia. Basi.

Mwenzangu akang'oa bomba la hewa, akakamata ubao, akaufunika mdomo wa hewa kwa nguvu. Moteri ilinyimwa hewa, ikafa. Musikilize vizuri wote wenye moteri za mazuti, za mashini, za umeme, za boti: moteri ikikimbia hivi, kufunga mazuti hakutasaidia, inapaswa kuifungia hewa. Na usitumie mkono, utavutwa. Usitumie kitambaa chepesi, kitamezwa. Tumia ubao, au bati zito bapa. Na watu watoke nje kwanza. Tangu siku ile ubao umetundikwa ukutani karibu na mlango, una kamba yake, hakuna ruhusa ya kuuchoma wala kuukalia.

Tulifungua moteri. Mungu alisaidia, pistoni na kamshafti vilikuwa vizima. Mkanda mpya ulikula dola 40.

Baada ya hapo niliacha haraka. Nilitafuta kile kifuniko cha zamani kilichopasuka. Nilikuta watoto wamekifunga kamba, wamekifanya gari, wanalivuta barabarani. Niliwapa gari lingine la mbao, wakanirudishia. Nikakigeuza. Tumboni mwake kibati kilikuwepo, kimepinda, lakini umbo lake lilisoma kama kitabu. Kutoka pale tulifanya hivi, na nasema polepole kwa ajili ya mafundi waliopo.

Kwanza, kifuniko kinatobolewa kikiwa mezani. Usitoboe kikiwa juu ya moteri, maana unga wa aluminiamu utaanguka ndani na utakula vyuma. Ukimaliza, osha kwa mazuti, halafu sabuni na maji ya moto, kisha kausha, angalia kila kona.

Pili, tundu lisiwe dogo kuliko la kiwanda. Letu lina upana wa ndani wa milimita 16. Ukiweka kibomba chembamba kwa kuwa ndicho ulicho nacho, umerudisha jiwe juu ya sufuria, jiwe dogo tu.

Tatu, kibati kinga. Tulikikata kwenye bati la chuma la milimita moja na nusu. Kinazidi tundu milimita 25 kila upande, na kiko milimita 12 chini yake. Upande unaotazama kamshafti tulikikunja mpaka kikagusa kifuniko, kikawa ukuta. Upande wa pili tuliuacha wazi, moshi uingilie hapo. Na kimeinama kidogo, ili oili iliyokusanyika ishuke na kurudi, isikae kama bwawa.

Nne, kukifunga. Screw ikilegea huko ndani, itaanguka kwenye vali, na hapo ndipo kweli utaandika barua ya dola 1,400. Tulitumia riveti za chuma zilizogongwa pande zote mbili. Ukitumia screw, tia dawa ya kuzuia isilegee na uiponde ncha. Na usijaze sufi ya chuma ya kusugulia sufuria ndani ya kibati eti ichuje mafuta. Inakatika vipande vipande, na vipande hivyo vinakwenda kwenye oili.

Tano, nafasi. Kabla ya kuwasha, hakikisha kibati hakigusi chochote kinachozunguka. Sisi tulibandika donge la bugali iliyopoa kwenye kibati, upande wa chini. Mucheke, lakini inafanya kazi. Tukaweka kifuniko na mpira wake, tukakaza bolti, tukazungusha moteri kwa spana mizunguko miwili kamili. Mizunguko miwili ya krankshafti ni mzunguko mmoja wa kamshafti, kwa hiyo kila kitu kinakuwa kimepita. Tukafungua, tukapima donge pale lilipobanwa. Lilibaki na unene wa milimita 7. Ningekubali 5, chini ya hapo ningekunja upya. Kisha safisha bugali yote, usiiachie moteri chakula.

Sita, mpira unaoshika kibomba. Usikate mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Najua ndio tunaoufungia kila kitu, lakini oili inauvimbisha, unakuwa laini kama ndizi iliyoiva, unaachia. Tafuta mpira wa kustahimili oili. Wetu tulinunua kwa dola 2.

Tukawasha. Oili haikutoka. Mbele kavu, nyuma kavu, kwa zile zile sili zilizokuwa «zimechoka». Ringi zilikuwa nzima muda wote.

Lakini bado nilikuwa na somo moja la kujifunza, na mwalimu alikuwa mama mmoja aliyepo hapa, sitamtaja asije akaona haya. Kibomba nilikuwa nimekifunika na kichujio kidogo, kile cha duara cha kununua, na kilipumulia ndani ya nyumba ya mashini. Baada ya siku tano alirudi na beseni lake, akaniambia: «Fundi, unga wangu unanuka moteri. Watoto wamekataa kula.» Nikataka kubisha. Nikanusa. Unanuka.

Kumbe nimesahau moteri yetu haimo ndani ya gari, imo ndani ya nyumba ya unga. Moshi wa kipumulio ulikuwa unatua kwenye chakula cha watu. Na vumbi la unga lilikuwa linakwenda kwenye kichujio chenye oili, likageuka kuwa uji mzito. Kilikuwa kimeziba nusu. Wiki mbili nyingine, tungerudi kwenye sili zinazovuja. Tukatoa kichujio, tukaweka hosi ndefu inayopanda kidogo, inapita ukutani, inatoka nje na kushuka ndani ya galoni lililotobolewa juu, ambalo linakusanya matone. Hosi isining'inie tumbo chini katikati, maana maji na oili vitakaa pale na kuziba. Galoni linamwagwa kila Jumamosi. Likianza kujaa haraka kuliko kawaida, hapo ndipo tutauliza habari za ringi, si kabla.

Na nyote wenye moteri munaweza kuipima pumzi yake bure. Ikiwa imewaka taratibu na imepata joto, fungua kifuniko cha kutilia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kikitetemeka kidogo, ni kawaida. Kikirushwa, ama kipumulio kimeziba ama ringi zimechoka. Anza na kipumulio, ndicho cha bei ndogo.

Sasa pesa. Kifuniko, dola 35. Sili mara mbili, 48. Mkanda, 40. Kibomba, mpira, riveti, hosi na galoni, dola 11. Jumla 134. Kama ningegeuza kifuniko siku ile ya kwanza, ingekuwa dola 46, na mashini ingesimama siku mbili. Sili za mara ya pili, dola 24, nimeiomba komite ikate kwenye malipo yangu, na imeanza kukata. Hakuna aliyenilazimisha.

Lakini wiki saba hazikatwi kwenye malipo ya mtu. Wamama walibeba muhogo kichwani saa nzima kwenda mashini nyingine. Pesa ya kusaga ndiyo inayojaza sanduku letu la msiba, na katika wiki zile tulikuwa na misiba miwili. Familia zile zilipokea nusu ya ilivyoandikwa kwenye sheria zetu. Hawakusema neno. Mimi ndiye ninayesema: ile nusu nyingine sanduku inawadai, na naomba mkutano huu uamue ilipwe kwanza kabla ya jambo lingine lolote la mashini. Nimekaa uhamishoni miaka, najua namna mtu anavyozikwa mbali na kwao na watu wakachangia kwa shida. Tuliunda hiki chama turudi tusizikane vile.

Wageni wetu wafadhili, ile barua ya dola 1,400 imechanwa. Ombi letu ni dogo: daftari la mashini, ili kila sehemu inayonunuliwa iandikwe kwa majina yote mawili, la huku na la kule, na ichorwe pembeni. Na spana ya kupimia ukazaji, ili mtu mwenye mikono mizito kama mimi asipasue kifuniko kingine. Kijana wetu ndiye atakayeandika daftari. Mkono wake ni mzuri, na bado tunaye.

Kwa lile swali la tatu, kama fundi anajua kazi: anaijua zaidi kuliko mwezi wa saba. Kifuniko kimefungwa, galoni liko nje ya ukuta upande wa mwembe, munaweza kwenda kuangalia. Na ubao uko mlangoni.